Kinda aliye chini kwenye tundra hajaanguka, mwacheni

Jamani, juzi tena nimeletewa kinda ndani ya kofia. Mgeni kamuokota nje kidogo ya Utqiaġvik, kaskazini kabisa mwa Alaska, ananiambia kaanguka kwenye kiota, mama yake kamkimbia, msaidie. Kila msimu ni hili hili na linaniuma kwelikweli. Hivi aanguke kutoka wapi? Huku kwenye tundra, nyika ya baridi kali, hakuna mti hata mmoja, kiota chenyewe kiko chini, kimefichwa ubavuni mwa kishungi cha nyasi.

Sikilizeni. Longispa, yule ndege mwenye ukucha mrefu wa nyuma, anataga mayai 4 hadi 6, mama anaatamia kama siku 12, halafu makinda wakifikisha siku 8 mpaka 10 tu wanatoka kiotani kwa miguu yao, kuruka bado hawajui. Wanatawanyika kwenye nyasi, baba anachukua wake, mama anachukua wake, kila mmoja analisha kundi lake. Maana mbweha na kicheche wanapita humo, na wakibaki wote shimo moja akiwakuta anamaliza familia nzima. Sasa wewe ukimrudisha kiotani umemsaidia nani? Yule kinda alikuwa kajikunyata, rangi yake na nyasi kavu ni moja, hatikisiki hata nzi akimtua kichwani. Sio mgonjwa, anajificha! Tukamrudisha palepale alipookotwa, tukakaa mbali, na baada ya muda baba akaja na nzi wa miguu mirefu wanamning'inia mdomoni.

Eti ukimshika mama atanusa mkono wako amkatae. Hapana, watafiti wanawavisha makinda pete kila mwaka na wazazi wanarudi kulisha. Usimshike kwa sababu ukizunguka pale mzazi anakaa nje, na mayai kwenye baridi hii yanapoa haraka.

Eti ndege hawa hawalali kwa kuwa jua halizami toka Mei hadi mwanzoni mwa Agosti. Wanapumzika, njoo usiku wa manane usikilize kimya chao.

Na wale mnaosema hawa ni ndege wa barafu hawatuhusu, kuna ndege mdogo anayeitwa kitaalamu Oenanthe oenanthe, mwenye kiuno cheupe akiruka, uzito kama gramu 25. Baadhi ya wanaozaliwa Alaska walifungwa vifaa vya kufuatilia wakakutwa wanakwenda Afrika Mashariki, kama kilomita 14,500 kwenda tu. Huyo unayemwona Kenya mwezi wa kwanza anaweza kuwa ametoka huku Alaska.

La mwisho, mnapomwona mzazi karibu mnasema "ametulia, hatuogopi". Angalia mdomo wake. Mzazi akiwa na chakula mdomoni, anahama hapa na pale, analia, hashuki, basi wewe ndiye uliyemzuia na watoto wana njaa. Mimi huwa nawaambia watu rudini nyuma, kaeni chini kabisa msisimame, shikeni darubini, na kama bado hashuki rudini tena mpaka ashuke.