Mwanasheria na sayansi

Wengi tunaamini sheria ni ya waliosoma Historia na Kiswahili, na sayansi ni ya madaktari. Lakini chukua kesi ya kujeruhi nchini Tanzania: mara nyingi ndani yake kuna PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari. Imeandikwa "jeraha la kukatwa". Je, lilikatwa kwa panga au ngozi ilipasuka kwa kipigo cha rungu? Wakili asiyejua kuuliza hilo anamwacha mteja wake pabaya, maana maoni ya mtaalamu hayaifungi mahakama, yanaweza kupingwa. Kuuliza hivyo hakuhitaji shahada ya sayansi.

Hukumu nyingi zinasomeka bure mtandaoni. Tafuta humo "PF3" uone fomu hiyo inavyojadiliwa. Na uliyesoma Baiolojia, soma mwenyewe vigezo vya udahili wa sheria kabla hujakata tamaa.