Madoa Meusi Kwenye Waridi: Yanayosemwa Nairobi na Yaliyo Kweli

"Dawa ya ukungu huponya majani yenye madoa."

Hakuna dhana inayowamalizia wapenda maua wa Nairobi pesa kama hii. Masika yakishika mwezi wa Aprili, majani ya waridi hutokea madoa meusi yenye kingo zisizo laini, yakageuka manjano kisha yakapukutika. Hapo mtu hukimbilia agrovet. Lakini doa likishaonekana, sehemu ile ya jani imeharibika, na hakuna dawa itakayoirudisha. Dawa kama mankozebu na zile za shaba hukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za kuvu zisichipue, kwa hiyo zinalinda tu majani ambayo bado hayajaambukizwa. Ukipuliza, fikisha dawa hata upande wa chini wa majani, fuata kipimo kilichoandikwa, vaa glavu na barakoa, na uhakikishe lebo ina nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayodhibiti dawa za wadudu na magonjwa ya mimea.

"Mwagilia jioni, maana jua la mchana litaunguza majani yaliyolowa."

Matone ya maji hayaunguzi majani ya waridi. Kinachoyaumiza ni kulala yamelowa. Kuvu anayeleta madoa haya anahitaji jani lenye maji kwa takriban saa 7 mfululizo ndipo apenye, na anayemwagilia magharibi kwa mpira, maji yakianguka juu ya kichaka, anampa muda huo wote na ziada. Mwagilia asubuhi, tena maji yaende shinani. Mvua hatuwezi kuizuia, wala manyunyu ya Julai ambapo mawingu hukawia hadi karibu adhuhuri, lakini tunaweza kuyasaidia majani yakauke haraka. Pogoa matawi yanayosongamana katikati ili upepo upite, na usikibanze kichaka ukutani. Anayeishi Karen au Dagoretti azingatie hili zaidi ya mtu wa Embakasi, kwa sababu upande wa magharibi wa jiji hupata mvua nyingi zaidi.

"Majani yaliyoanguka ni mbolea, yaache hapo hapo."

Kwa mmea wenye afya, ni kweli kabisa, na ndiyo maana dhana hii ni ngumu kuing'oa. Kwa waridi mgonjwa ni hatari. Kuvu huendelea kuishi ndani ya majani yale, na kila tone la mvua linaloyapiga hurusha mbegu zake juu, kwenye majani ya chini ya kichaka. Yaokote uyatupe na takataka. Usiyatie kwenye mboji ya nyumbani, kwani mara nyingi haipati joto la kuua kuvu. Kata pia vitawi vyenye mabaka ya zambarau, maana humo ndimo anamojificha, kisha ufute mkasi kwa spiriti. Ukimaliza, tandaza nyasi kavu shinani ili udongo usiruke mvua inaponyesha.

Vitabu vingi vya bustani vya Uingereza huelekeza usafi huu ufanywe hasa majira ya baridi, waridi zikiwa hazina majani. Hapa kwetu waridi halivui majani yote, hivyo ugonjwa una pa kukaa mwaka mzima. Sisi tuokote kila wiki.

"Ongeza mbolea, mmea una njaa." Ukimwaga CAN (mbolea ya nitrojeni) nyingi utapata majani mengi mororo yanayosongamana, na unyevu utakaa humo.

"Kila doa ni kuvu." La. Madoa ya bugenvilia huenda yakawa ya bakteria, na mankozebu haiui bakteria. Unga wa rangi ya chungwa chini ya jani la waridi ni kutu: huyo ni kuvu, ila si wa madoa meusi. Chunguza jani pande zote mbili kabla ya kununua chochote.

"Kichaka chenye madoa king'olewe." Usifanye haraka. Waridi lililokomaa huweza kupukutisha majani mengi na kuchipua tena, ingawa likipukutisha kila msimu hudhoofika na maua hupungua. Lisilopata nafuu hata baada ya usafi na kupogolewa, ndilo la kubadilisha. Ukienda kwenye vitalu vya kando ya Ngong Road, ulizia aina inayostahimili madoa, na kabla hujalipa inama uangalie majani ya chini kabisa, kwa sababu huko ndiko madoa huanzia.