Vijiti Vilivyozunguka Mchu Si Miche

Anayetembea kwenye matope ya mikoko maji yakiwa yamekupwa huona vijiti vyembamba, vya kimo cha penseli au zaidi, vikiuzunguka mchu, mmoja wa miti ya mikoko, kwa mamia, na wengi hudhani kwamba ni miche iliyoota chini ya mama yake. Dhana hiyo si sahihi. Hivyo ni vichomozo vya mizizi ya mti huohuo, ambayo hutambaa chini ya tope, mahali ambapo hewa ni haba mno. Ukivikata utakuta nyama laini kama sifongo, na ganda lake lina vitundu vinavyoingiza hewa maji yanapotoka. Ndiyo maana mafuta au mchanga mwingi ukivifunika, mti mzima waweza kufa, ingawa majani yake hayakuguswa.

Mche wa kweli hutokana na tunda bapa ambalo mbegu yake huanza kuchipua lingali mtini, likaelea na maji, kisha likatua na kufungua majani mawili manene. Mbuzi na ngamia hupenda majani ya mchu, yenye ladha ya chumvi ambayo hata ulimi wa mtu huionja.