Msipige bolti kwenye qamutiik

Nimeulizwa tena, safari hii na seremala mwenzangu: "Zama hizi kamba za nini? Piga bolti, kazi iishe." Nimechoka kulijibu hili mdomoni, sasa naliandika.

Qamutiik ni sleji, chombo cha kuburutwa juu ya theluji na barafu, ya Wainuiti, wenyeji wa Aktiki: mbao mbili ndefu za kutelezea, yaani miguu yake, zilizosimama kwa ubavu, na juu yake mataruma, vipande vya mbao vya kukingama, yaliyofungwa kwa kamba. Chukua mbao ya inchi 2 kwa 10 isiyo na vifundo, chonga pua ipande juu, piga randa chini, kisha kaza ukanda wa plastiki ngumu. Ukanda huo ndio wenye haki ya skrubu. Mataruma yazidi mbao kidogo kila upande, yawe na mapengo ya kushika kamba. Hayo fundi yeyote atayaweza.

Linaloniudhi ni kusikia kwamba walifunga kamba kwa kukosa chuma. Wainuiti wa kaskazini-magharibi mwa Greenland walikuwa wakifua visu kwa chuma cha kimondo cha Cape York. Kilichokuwa adimu ni mbao: walitumia magogo yaliyoletwa na bahari, mifupa ya nyangumi, na kwingine hata samaki waliogandishwa ndani ya ngozi, wakawa mguu wa sleji. Leo skrubu zinauzwa Iqaluit, mji wa Wainuiti kaskazini mwa Kanada, na watu bado wanafunga kamba.

Sababu iko chini ya sleji. Maji yanapojaa na kupwa, barafu ya pwani huvunjika, mabamba yakapandana na kugandia hivyo hivyo. Mguu mmoja uko juu ya bamba, mwingine bondeni, na mzigo uko palepale. Umbo zima linajipinda. Kamba inakubali, halafu inarudi. Bolti haikubali, nguvu yote inaishia ukingoni mwa tundu, na mbao inapasuka kufuata nyuzi zake. Bolti inatoka nzima, lawama inabaki kwa mbao.

Lakini kujipinda si kulegea, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Shika pua zote mbili, sukuma moja mbele, vuta nyingine nyuma. Zikitembea, fungua uanze upya. Sasa inua pua moja: sleji ijinyonge bila taruma kuteleza kwenye pengo lake. Ngozi ya sili ilifungwa mbichi, ikajikaza yenyewe ikikauka. Nailoni ni kinyume chake, hurefuka ikilowa na kubeba mzigo. Kwa hiyo vuta kwa kijiti, iache usiku kucha, kesho vuta tena, na baada ya safari ya kwanza kagua kila fundo.

Kuna jambo bado linanipa shaka. Kamba moja ndefu upande mzima, au kila taruma na kamba yake? Michoro huonyesha njia moja kana kwamba mjadala umefungwa. Ndefu husambaza mkazo vizuri, kama kitanda cha kuwamba, ila ikikatika mahali pamoja upande wote unalegea. Kwa safari za mbali naegemea kamba fupi fupi. Taruma likivunjika huko, unakata kamba yake tu kwa kisu, unaweka kipande kingine, unafunga. Bolti iliyopinda kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri inataka spana na vidole vitupu, na vidole huko havidumu nje ya glavu.