Paka si mbwa mdogo: tunayoyakosea kwenye bakuli la chakula

"Mbwa mwenye uzito maradufu ale maradufu."

Ukiisikia inaingia akilini, lakini mwili hauhesabu hivyo. Chukua simu yako. Zidisha kilo za mnyama kwa zenyewe ili zitokee mara tatu (10 × 10 × 10), bonyeza kipeuo cha pili, bonyeza tena, kisha zidisha kwa 70. Mbwa wa kilo 10 anapata kilokalori kama 394 kwa siku, nishati ya kuishi tu akiwa ametulia. Wa kilo 20 hapati 788, anapata 662. Tofauti hiyo ya kila siku ndiyo inayogeuka kitambi.

Jibu hilo huzidishwa tena kulingana na maisha yake: takriban 1.6 kwa mbwa mzima aliyehasiwa, 1.2 kwa paka aliyehasiwa. Kwa hiyo paka wa kilo 4 anatosheka na kilokalori zisizofika 240. Kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia peke yake kina kama 120!

Hata hivyo ni makadirio. Mimi huamini vidole zaidi. Pitisha vidole juu ya mgongo wa kiganja chako kilichonyooka: mbavu za mnyama zikigusika hivyo, yuko sawa. Zikiwa kama vifundo vya ngumi, amekonda. Ikibidi ubonyeze ndipo uzipate, punguza chakula.

"Mnene ndiye mwenye afya."

Katika utafiti mmoja uliotangazwa mwaka 2002, mbwa 48 aina ya Labrador walifuatiliwa maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maumivu ya viungo yaliwachelewa.

"Mla nyama mpe nyama tupu."

Paka akikamata panya hali mnofu peke yake. Hula na mifupa, ini na matumbo. Mnofu una fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, na damu ikikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa. Kwa mtoto wa paka au wa mbwa anayekua, mguu unaweza kuvunjika kwa kuruka tu kutoka kitini, na mwenye mnyama akashangaa maana alikuwa akimlisha steki. Kutupia mifupa iliyopikwa si dawa: hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

"Chakula cha mbwa kinamtosha paka."

Akidokoa mara moja hadhuriki. Kumlisha hicho kila siku ni jambo jingine. Mbwa wengi hujitengenezea taurini, kirutubisho cha macho na moyo, ya kutosha, lakini paka lazima aile, na hupatikana kwenye nyama na samaki. Akiikosa kwa muda mrefu huanza kupofuka, na moyo hutanuka na kulegea. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wengi wenye moyo wa namna hiyo walipata nafuu baada ya kuongezewa taurini. Na walikuwa wakila vyakula vya paka vya viwandani, ambavyo baadaye viliongezwa taurini. Karoti nazo hazimsaidii: mbwa hugeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A, paka hawezi.

"Wanga ni sumu kwa mbwa, yeye ni mbwa mwitu."

Ameachana na mbwa mwitu siku nyingi. Mbwa wengi wana nakala nyingi zaidi za jeni ya kusaga wanga. Wali ulioiva haumdhuru. Kitunguu, zabibu na chokoleti ndivyo vya kuogopa.

"Paka anapenda maziwa."

Anayapenda, ndiyo. Tumbo la wengi wakishakua haliyapendi, na matokeo utayafagia wewe.

"Paka mnene afungishwe siku chache."

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Paka asipokula, hasa aliyenenepa, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini kwa wingi kuliko linavyoweza kuyashughulikia, nalo hushindwa kufanya kazi ndani ya siku chache. Mpunguzie kidogo kidogo kwa miezi, ukimpima uzito. Akisusa chakula kwa siku nzima, mpigie daktari wa mifugo.