Mongoli aliingia na farasi, Mwajemi akabaki na daftari

Kila tukipokea wanafunzi kwenye kitengo chetu cha elimu kwa umma na mada ikafika kwa Wamongoli, swali la kwanza ni lile lile: hivi hawa jamaa si walikuwa wanachinja tu na kuchoma miji? Huwa najibu ndiyo, walichinja sana, Bukhara na Samarkand mwaka 1220, Merv na Nishapur mwaka uliofuata, na mimi sipo hapa kuwasafisha. Ila ukiishia hapo utashindwa kueleza ilikuwaje miaka themanini baadaye mtawala wa Kimongoli anazikwa chini ya kuba Uajemi, Mwislamu, na historia ya ukoo wake imeandikwa kwa Kiajemi na daktari wa Hamadan.

Hulagu, mjukuu wa Genghis Khan, alitumwa magharibi na kaka yake Möngke, khan mkuu wa Wamongoli. Mwaka 1256 akaivunja Alamut, ngome kuu ya Waismailia milimani Uajemi, na tarehe 10 Februari 1258 Baghdad ikasalimu amri, khalifa akauawa siku kumi baadaye, inasimuliwa walimviringisha kwenye zulia maana kwa mila yao damu ya mfalme haimwagwi ardhini. Sasa mwangalie aliyekuwa karibu na Hulagu muda wote huo. Nasir al-Din Tusi, mwanahesabu na mtaalamu wa nyota, alitolewa Alamut akaingia moja kwa moja kwenye huduma ya Hulagu, na mwaka 1259 ujenzi wa kituo cha kutazamia nyota ukaanza pale Maragha chini ya usimamizi wake. Ata-Malik Juvayni, Mwajemi wa ukoo wa makarani, akapewa Baghdad aiendeshe, huku kaka yake Shams al-Din akiwa waziri mkuu. Yaani mji umeanguka na mafaili yako mikononi mwa Waajemi.

Sababu wala haina siri. Mongoli alijua malisho, alijua kuhesabu askari kwa makumi na mamia, lakini ukimwuliza shamba la umwagiliaji la Isfahan lilipe kodi kiasi gani anakutolea macho. Makarani wa Kiajemi walikuwa wameshawatumikia Waturuki miaka mingi tu kabla yao, mabosi wanabadilika, daftari linabaki. Hata neno diwani, hilo hilo unalolisikia kwenye uchaguzi wa kata au kwenye kitabu cha mashairi, lina asili yake huko kwa Waajemi, lilikuwa daftari na ofisi ya hesabu za serikali.

Watawala hawa walijiita Ilkhan, maana yake khan aliye chini ya mkubwa, na mkubwa mwenyewe alikuwa Kublai, kaka yake Hulagu aliyetawala huko China. Kaskazini walikuwa wanapigana na binamu zao, magharibi Wamamluki, watawala wa Misri, walishawachapa Ain Jalut mwaka 1260, kwa hiyo rafiki wa kweli alikuwa Kublai peke yake na njia ya kwenda na kurudi China haikukauka watu. Ukitaka kuiona njia hiyo kwa macho nenda Takht-i Sulayman, kaskazini magharibi mwa Iran, ambapo Abaqa, mtoto wa Hulagu, alijenga jumba la majira ya joto pembeni ya ziwa. Vigae vya kule vingi viko kwenye makumbusho mbalimbali duniani sasa hivi. Kimoja kina joka la Kichina lenye miguu na kucha, kingine kina ndege mwenye mkia mrefu ambaye Mchina angesema ni wake na Mwajemi angesema huyu ni simurgh wetu, ndege wa hadithi za kale, vingine vina beti za Shahnama, utenzi wa wafalme wa kale wa Uajemi. Na mahali penyewe ni pale pale palipokuwa na hekalu la moto la wafalme wa Kisasani, waliotawala Uajemi kabla ya Uislamu. Abaqa alikuwa anafuata dini ya Budha, lakini aliikalia ile sehemu na alijua anajifananisha na nani, au kama hakujua basi wapo waliomwambia.

Si kila kilichotoka China kilikubalika lakini. Mwaka 1294 Ilkhan Gaykhatu alikuwa ametapanya hazina mpaka imekauka na mifugo imekufa kwa maradhi, waziri wake akaleta wazo la noti za karatasi kama za Kublai, zikaitwa chao. Zilichapwa kwa mbao zilizochongwa, juu zina maandishi ya Kichina na hapo hapo zina shahada ya Kiislamu, na amri ikatoka kwamba atakayezikataa atauawa. Soko la Tabriz likafunga. Wenye maduka wakaficha bidhaa, chakula hakuna, watu wakaanza kuondoka mjini, na haikufika hata miezi mitatu noti zikafutwa. Mimi kisa hiki nakipenda kuliko vyote vya zama hizi, maana dola iliyovunja ngome ya Alamut ilishindwa na wauza duka waliokaa tu nyumbani kwao.

Mwaka uliofuata akaingia Ghazan, akasilimu, akajiita Mahmud, mahekalu ya Budha yakabomolewa, na alipokufa mwaka 1304 akazikwa Tabriz kwenye kaburi kubwa linalojulikana na wote, wakati babu zake walizikwa kwa siri mtu asijue ni wapi. Waziri wake alikuwa Rashid al-Din, mtu wa familia ya Kiyahudi ya Hamadan aliyesilimu, kazi yake ya kwanza ikiwa utabibu. Ghazan aliona vijana wa Kimongoli wanaisahau asili yao, akamwambia aiandike. Aliyemsaidia zaidi kupata habari za ukoo alikuwa Bolad, ofisa wa Kimongoli aliyetumwa na Kublai akafika Uajemi miaka ya 1280 na hakurudi tena. Mongoli aliyetoka China anasimulia, Mwajemi anaandika, na leo mtu akitaka kuijua familia ya Genghis Khan lazima apite kwenye Kiajemi cha Rashid al-Din. Malipo yake yalikuwa machungu, mwaka 1318 aliuawa, mzee wa miaka sabini hivi, kwa tuhuma kwamba alimpa sumu Öljaitü, mdogo wake Ghazan.

Aliyekuwa kwenye kiti wakati huo ni Abu Sa'id, mtoto wa Öljaitü, bado kijana mdogo. Mwaka 1327 Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Morocco, alimkuta Baghdad, akamwona kwenye mashua mtoni Tigris, huku na huku mashua nyingine zimejaa wapiga muziki na waimbaji. Huyo ni kilembwe wa Hulagu, anastarehe kwenye mto wa mji ule ule alioubomoa babu yao, na inasemekana alikuwa anatunga mashairi kwa Kiajemi. Miaka minne baadaye msafiri huyo huyo akawa Kilwa, na mwaka 1335 Abu Sa'id akafa bila kuacha mtoto wa kiume, dola ikagawanywa vipande vipande na maamiri.