Fuwele ndani ya jiwe la volkeno ni kazi ya maji

Ukizipekua kokoto nyeusi zinazomwagwa kwenye mijengo ya Nairobi, zile za machimbo ya upande wa Mlolongo, mara moja moja utakuta jiwe lenye kishimo cha ukubwa wa punje ya hindi. Kilete karibu na jicho: ndani sindano nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zimesimama zikimeta.

Dhana: Fuwele hizo zilipikwa na moto wa volkeno.

Ukweli: Moto uliacha shimo tu. Zaha, yaani mwamba ulioyeyuka, inapopanda kutoka ardhini, kanieneo hupungua, na mvuke wa maji pamoja na gesi ya kaboni hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa. Jiwe likiganda, viputo hubaki matundu matupu. Baadaye sana maji hupenya nyufani, yakiyeyusha silika, alumini, sodiamu na kalsiamu kutoka kwenye jiwe lilelile. Yakishindwa kubeba zaidi, chembe hujipanga ukutani mwa tundu, safu juu ya safu, zikielekea katikati penye nafasi. Zaha ya basalti, mwamba mweusi wa volkeno, hutoka na joto la nyuzi 1,100 hivi. Zeoliti, kundi la madini ambayo mara nyingi ndiyo sindano hizo, kwa kawaida huumbika chini ya nyuzi 250.

Dhana: Basi kila fuwele kwenye jiwe hili imeletwa na maji.

Ukweli: Hapana. Mawe ya Kapiti, kusini-mashariki mwa jiji, yana fuwele kubwa za madini ya felispa zilizoshikamana na jiwe pande zote, bila tundu lolote. Hizo zilikua ndani ya magma, yaani mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi, kabla haijamwagika. Tafuta tundu kwanza, ndipo useme.

Dhana: Inayong'aa ni almasi.

Ukweli: Almasi huumbika zaidi ya kilomita 140 chini ya ardhi. Dondoshea fuwele siki: ikitoa viputo, ni madini ya kalisaiti. Ikikwaruza kioo, yaelekea ni kwatzi.

Dhana: Fuwele ikishakauka haina maji.

Ukweli: Hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Mwaka 1756 Msweden Axel Cronstedt alichoma madini ya aina hii, yakatoka povu, akayaita zeoliti, yaani jiwe linalochemka. Silika na alumini zimejenga vijia vidogo mno, na maji hukaa humo. Ukiipasha zeoliti moto kiasi, maji hutoka na umbo hubaki. Ikipoa kwenye hewa yenye unyevu, huyanywa tena.